Miguu ya Corina Tafoya

Corina Tafoya hakuwa mtu wa kuamini watu. Maziwa aliyanusa hata kama ameyatoa dukani saa ile ile, mlango akishaufunga alirudi kuusukuma, na ukimpa zawadi aliigeuza chini juu kwanza kabla ya kusema asante. Miaka mingi aliendesha basi la shule hapo Oceanside, na alisema kazi ile ndiyo iliyomfungua macho: ukisikia watoto wamenyamaza huko nyuma, ujue kuna jambo linapikwa. Basi kwake dunia nzima ilikuwa watoto walionyamaza nyuma ya basi.

Kitu alichokiamini kilikuwa kimoja tu, nacho ni miguu yake. Na si yeye peke yake aliyeiamini. Jumapili asubuhi wenye mbao ndefu, zile za magurudumu za kusimama juu yake, walikutana kwenye maegesho chini ya gati, watu wazima wenye mvi na magoti ya kulalamika, si wale vijana wa kuruka ngazi na kuvunjika meno. Wao walipanda mbao zao kwenda tu, taratibu, kando ya bahari, wakipiga soga. Mmoja wao akitaka kununua ekseli mpya hakumuuliza muuzaji wala hakusoma sifa zilizoandikwa kwenye boksi. Alimsubiri Corina azipande kwanza.

Maana ubao ni ekseli. Ubao wenyewe ni mbao tu, hata meza inayo. Ekseli ni vile vyuma viwili vya chini vinavyoshika magurudumu: ukiegemea kushoto vinapinda kushoto, ukisimama wima vinarudi katikati vyenyewe. Ndani yake kuna bushi, vipande vya mpira vinavyobanwa na nati moja kubwa, na humo ndimo uhai ulimo. Ekseli mbaya hukung'ang'ania kwenye kona au hutetemeka kwenye mteremko. Nzuri hukusikiliza. Corina alivaa raba nyembamba za kitambaa, soli zake zimelika kama sabuni ya mwisho wa mwezi, ili asikie kila ufa wa lami, na akishuka alisema neno moja au mawili, na watu wakanunua au wakaacha.

Daktari ndiye aliyeanza kumchokoza. Alishamwambia ana sukari, hilo Corina alilikubali kwa shingo upande. Lakini majira ya baridi yaliyopita alimlaza kitandani, akachukua kijiuzi kigumu kama unywele wa ufagio, akawa anamgusa nyayo na kuuliza, "Unasikia? Na hapa?" Kila mara Corina alijibu ndiyo. Alijibu ndiyo kwa sababu alikuwa ameinua kichwa anautazama mkono wa daktari.

"Lala, usitazame," daktari alisema.

"Nitalalaje na wewe umeshika kitu?"

Daktari akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akamwambia siku miguu itakapokufa ganzi, ubao auweke chini, maana mtu asiyesikia nyayo zake huanguka, na mwenye sukari akiumia mguu haponi haraka, wengine huupoteza kabisa. Corina alitoka pale amenuna. Moyoni alijua daktari ana dawa za kuuza.

Tangu hapo ubao wake ukawa bubu. Huo ndio msemo aliotumia mwenyewe: umekuwa bubu. Alipanda njia ile ile, lami ile ile, na ubao haukumwambia kitu. Akanunua bushi laini, akazifunga, hamna. Akanunua laini zaidi, hamna. Akaenda dukani akamwambia muuzaji mbele ya wateja kwamba siku hizi mipira yote ni bandia, kiwanda kimehama na akili zimehama nacho. Mei alipata malengelenge ya kuungua kwenye kisigino, akalaumu kandambili. Na pole pole, kama ilivyo desturi yake, akaanza kumtazama aliye karibu zaidi, kwa maana kikulacho ki nguoni mwako.

Aliyekuwa karibu zaidi ni Thurman Odle. Alikuwa mwanajeshi wa kambi ya hapo juu, yule ambaye mpaka leo mizinga ya mazoezi ikilia na vioo kutikisika hutaja aina ya mzinga bila kuulizwa. Alistaafu, akafiwa na mke, akanunua ubao, na Corina ndiye aliyemfundisha kusimama juu yake. Kati ya wote pale gatini Thurman ndiye aliyeingia gereji ya Corina bila kubisha hodi. Sasa, miongoni mwa watu wa mbao ndefu kuna mwiko mmoja: nati ya mwenzio huigusi. Kila mtu hukaza yake kwa mkono wake, kwa uzito wake, na kumgeuzia mtu nati ni sawa na kuingia jikoni kwake ukaongeza chumvi kwenye sufuria. Corina alianza kuamini kwamba Thurman anaigusa nati yake. Kwa nini? Kwa sababu naye anataka kuwa yule anayeulizwa.

Jumamosi moja ya Juni, ukungu umelala juu ya mji tangu alfajiri, Corina alikuwa gereji anasafisha beringi. Alikuwa peku, raba zake ameziacha chini ya meza ya kazi kama kawaida, na mezani mbele yake zimepangwa washa zake nane za shaba. Washa ni vile vijipete vidogo vinavyokaa pande mbili za kila gurudumu, vya chuma tu, vya kutupa. Vya Corina havikuwa vya kutupa. Rubén, mume wake wa zamani, fundi wa meli, alizikereza mwenyewe kutoka kwenye valvu ya meli iliyokuwa ikivunjwa. Pete ya ndoa aliyomvisha ilimgeuza Corina kidole kijani kabla mwaka haujaisha. Washa hazikugeuka rangi. Ndoa ilikufa, washa zikabaki zinang'aa.

Thurman akaingia na kikombe chake cha kahawa.

"Bibie, niazime ile spana yako ya T. Yangu imemezwa na gari."

"Gari halimezi spana. Umeipoteza."

"Haya, nimeipoteza. Niazime hivyo hivyo." Akachukua washa moja, akaiinua kwenye mwanga. "Yule mumeo alikuwa hana akili, lakini mkono alikuwa nao."

"Weka chini."

"Natazama tu."

"Tazama kwa macho, Thurman. Macho hayana vidole."

Thurman akacheka, akaiweka. Corina akageuka kuitafuta spana ukutani, akampa, akamsindikiza kwa jicho mpaka alipopotea kwenye kona. Jioni akafunga kila kitu kwenye kitambaa bila kuangalia sana, maana alitaka kuwahi kulala.

Jumapili alfajiri alifungua kitambaa kufunga magurudumu. Washa zilikuwa saba.

Alikung'uta kitambaa. Alipiga magoti akapapasa chini ya meza, akazisukuma raba pembeni, akatumia tochi. Akafagia gereji nzima na kuupepeta uchafu kama mchele. Kisha akasimama, mikono kiunoni, na badala ya kukasirika akajisikia nafuu, ile nafuu ya mtu aliyekuwa akisema kuna mwizi na wote wakimwona mwehu. Akatia washa ya kawaida mahali pa ile ya nane, akavaa raba zake, akafunga kamba kwa nguvu, akapanda ubao kwenda gatini. Njia nzima alisukuma kwa mguu wa kulia akipanga maneno.

Pale gatini Lani Fuamatu alikuwa ameshafungua nyuma ya gari lake. Lani ni Msamoa, mpana, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na ndiye mtunza utepe. Utepe wenyewe ni huu: ekseli za kupimwa huviringishwa utepe mweusi mpaka jina la mtengenezaji lisionekane, zikapewa namba kwa chaki, ili mtu asisifie jina akaacha chuma. Na kati ya zile mpya hutiwa jozi moja ya zamani wanayoijua wote, nayo ndiyo shahidi. Anayejikomba kwa muuzaji, au anayepima kwa mdomo, shahidi humuumbua. Corina hakuwahi kumkosa shahidi hata siku moja. Wengine walishasema angemjua akiwa amelala.

Safari hii aliyetaka kununua ekseli ni Lani mwenyewe. Zake za kupandia zilipasuka, na nyonga yake moja ilikuwa mpya, ya kutiwa hospitalini. Hakutaka mchezo.

"Shoga, leo unipimie vizuri," Lani alisema. "Nikianguka mimi, hii nyonga hawanirudishii. Watanipa ya plastiki."

"Nimewahi kukupimia vibaya?"

"Hujawahi. Ndo maana nakusumbua wewe, simsumbui mwingine."

Thurman alikuwa ameegemea ukuta anakula burito, ile chapati ya kuviringia maharage. "Umeamkaje, bibie?"

"Nimeamka nikahesabu vyangu," alisema Corina.

"Vikatimia?"

Corina akamtazama mpaka Thurman akaacha kutafuna. Alijua kumvua mtu nguo mapema ni kumpa nafasi ya kutafuta nyingine.

Walianza, kila jozi ikifungwa kwa zamu chini ya ubao wa Lani. Thurman alitangulia kupima, kwa kuwa Corina alipenda kuwa wa mwisho. Namba moja akaikunjia uso. Namba mbili aliporudi nayo alikuwa anatabasamu, akakata kona mbili za bure mbele yao kama kijana. Namba tatu akasema si mbaya. Ila kanuni ni kutosema zaidi mpaka wote wamalize, kwa hiyo akarudi kwenye burito yake.

Corina akapanda namba moja. Akashuka nayo kamteremko kale penye viraka vya lami, akapita vyoo, akageuka mbele ya ngazi. Akasubiri. Kwa kawaida ubao ungekuwa umeshaongea: hapa nimebana, hapa nimelegea, hapa sirudi katikati. Alisikia magurudumu yakinguruma, lakini alisikia kwa masikio. Chini hamkuwa na kitu. Alikuwa kama amesimama juu ya mito miwili.

Akapanda namba mbili. Mito miwili.

Akapanda namba tatu, akafunga macho kidogo, akayafungua haraka maana alitaka kuanguka. Hapo ndipo woga wa kweli ulipomshika, na jambo la kwanza aliloliona kichwani ni mkono wa daktari na kile kijiuzi. Akalifukuza. Miezi yote hiyo alikuwa akilifukuza, na limezoea kwenda. Nafasi yake akalijaza na Thurman. Kwa nini Thurman alitabasamu kwenye namba mbili? Kwa nini zile kona za maonyesho? Mtu asiyejionyesha miaka yote, leo ajionyeshe? Alikuwa anamvuta aseme namba mbili, ili aaibike. Miguu ilikuwa imenyamaza, basi Corina akasoma nyuso.

Akashuka. Lani alikuwa anamngoja na kitambaa mkononi, ametulia kabisa, kwa jinsi mtu anavyotulia mbele ya anayemwamini.

"Namba tatu," Corina alisema. "Namba moja inayumba. Namba mbili itupe baharini. Imekufa, hairudi katikati, itakuangusha kabla hujafika vyooni."

Juu ya gati mvuvi mmoja alikuwa anacheka peke yake na simu.

"Namba mbili?" Lani aliuliza.

"Umenisikia."

"Kori, namba mbili ndo shahidi." Lani akainama, akachana utepe kwa ukucha, na chini yake ikatokea ekseli iliyochubuka, yenye kovu refu ubavuni. "Ni zile zako. Ulizopanda mpaka ukanipa mwenyewe. Hilo kovu si ndo lile ulilolipata kwenye reli?"

Corina akaliangalia kovu. Alilijua kama anavyolijua bega lake. Damu ikampanda usoni, na kabla aibu haijakaa vizuri, hasira ikaisukuma pembeni.

"Zimechezewa! Bushi zimebadilishwa! Na aliyezibadilisha ninamjua, ni huyo hapo anayekula!"

"Mimi?" Thurman alisema.

"We! Miezi unageuza nati yangu ukidhani sijui. Jana umeingia kwangu, umeshika washa zangu, leo ni saba. Saba, Thurman! Nilikufundisha kusimama, nikakushika mkono kama mtoto, kumbe nafuga nyoka!"

Watu wa meza za jirani waligeuka. Thurman aliweka burito chini, akafuta vidole kimoja kimoja. Akachukua begi lake, akaligeuza juu ya saruji. Zikamwagika spana ya T, beringi chakavu, soksi, miwani, picha ya marehemu mkewe ndani ya mfuko wa nailoni. Kisha akavuta nje mifuko yote miwili ya suruali na kusimama hivyo, mifuko inaning'inia.

"Tafuta," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tafuta, Kori. Ukimaliza hapo twende nyumbani kwangu, nikufungulie na kabati."

Corina hakusogea. Alitaka kusema kwamba mwizi hodari haibebi mali kwenye begi, na maneno yalikuwa tayari mdomoni, lakini Thurman alikuwa amekunja uso kwa namna nyingine. Alikuwa anatazama chini.

"Mguu wako," alisema.

"Usinibadilishie mada."

"Sibadilishi kitu. Kori, mguu wako unatoka damu."

Corina alidhani ni hila. Alitazama kwanza mikono ya Thurman, ndipo akatazama mguu. Ubavu wa raba ya kulia ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kamba, na juu ya saruji, kutoka pale alipokuwa amesimama mpaka kwenye ubao wa Lani, kulikuwa na alama za nusu wayo, zilizolowa.

Lani hakuuliza. Alimshika mabega akamkalisha nyuma ya gari, akapiga goti moja, lile la upande wenye nyonga yake ya kuzaliwa, akafungua kamba na kuvuta raba. Kitu kikadondoka, kikagonga saruji, kikalia kwa sauti nyembamba na safi, kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Thurman na kulala.

Thurman akaiokota. Akaifuta kwa shati lake, na shaba ikang'aa.

Lani alivua soksi taratibu. Kwenye wayo, chini ya kidole gumba, washa ilikuwa imejichora, mviringo kamili na tundu lake, na ukingoni nyama imefunguka. Kutoka gereji mpaka gatini Corina alikuwa ameisukuma lami kwa mguu ule. Alikuwa amepanda ekseli tatu juu yake.

"Ulikuwa husikii?" Lani aliuliza, na alipouliza akawa ameshajua, maana macho yalimjaa machozi.

Corina alifungua mdomo aseme alikuwa anasikia, kama alivyomwambia daktari. Badala yake akautazama wayo.

"Tangu lini?" Thurman aliuliza.

"Tangu baridi," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameanza, akaona amalize. "Mguu wote wa kulia. Na wa kushoto unafuata. Nilidhani ni bushi. Nilitaka iwe bushi. Nilitaka iwe wewe, Thurman, kwa sababu ingekuwa wewe ningekufukuza tu, nikaendelea kupanda. Nimekukosea."

"Umenikosea sana," Thurman alisema. "Nimekuwa mwizi mbele ya Oceanside nzima, na burito yangu imepoa." Alisema hivyo lakini alikuwa ameshachuchumaa, na akaiweka washa kwenye kiganja cha Corina, akavikunja vidole vyake juu yake, kimoja kimoja.

Lani akamwagia wayo maji ya chupa, akaufunga kwa kitambaa kilichokuwa kimeandaliwa kufutia ekseli. Akasema kesho asubuhi yeye mwenyewe atampeleka kwa daktari, na safari hii atakaa chumbani humo humo kumziba macho. Corina akatikisa kichwa kukubali. Hakutafuta kosa ndani ya maneno yale.

Kisha Lani akatazama zile jozi tatu, akasita. "Sasa mi ninunue ipi?"

Aliuliza huku amemwelekea Corina, kwa mazoea tu ya miaka, akagundua, akaona haya. Corina alimwona alivyoona haya, na hilo lilimchoma kuliko yote ya asubuhi ile. Akainua kidevu kumwonyesha mtu mwingine.

"Muulize Thurman."

"Mimi?" Thurman alisema. "Mwizi wa washa?"

"We mwizi wa washa. Miguu unayo. Ipande tena namba tatu, na ukifika kwenye viraka usikaze goti. Acha ije yenyewe."

Thurman akapanda. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda juu, na ubao ukateremka mbele ya vyoo, ukaegemea kulia, ukarudi katikati, ukaegemea kushoto. Lani alikuwa anamwangalia Thurman, kwa hiyo hakuona Corina alichokuwa anafanya. Alikuwa ameupakata mguu wa kushoto, ule usio na jeraha, ameuvua raba na soksi, ameuchimba wayo kwa ukucha wa kidole gumba, anakandamiza mpaka ngozi inakuwa nyeupe, amefumba macho, anangoja kusikia maumivu.